Kujifunza GIS kwa Modeli za Mazingira: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeyakusanya kwa kukaa na wanaojifunza: wanafunzi wa misitu na kilimo, maofisa ugani, watu wa mabonde ya maji, na siku moja mwalimu wa jiografia aliyekuja na kompyuta ya kuazima. Mifano mingi nimeitoa milima ya Uluguru, mkoani Morogoro, na mto Ruvu. Kule ndiko ninakokujua, na udongo unaoshuka kule ndio unaotia tope maji yanayokwenda kunywewa Dar es Salaam. Maswali yana namba. Jambo likishaelezwa nitakurudisha kwenye namba yake.

## Kabla ya kuwasha kompyuta

1. GIS ni nini, na modeli ya mazingira inaingiaje?

GIS ni mfumo wa taarifa za kijiografia. Ramani ya ukutani inakuonyesha mto ulipo. GIS inakuruhusu kuuliza: ni mashamba mangapi yamo ndani ya zile mita 60 kutoka mtoni zinazotajwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004? Unajibiwa kwa orodha, kwa hekta na kwa picha.

Modeli inakwenda mbele zaidi. Unachukua mvua, udongo, mteremko na uoto, unaviunganisha kwa kanuni, unapata kitu ambacho hakuna mtu aliyezunguka kukipima kila mahali: tani za udongo zinazopotea, maji yatakakotuama, eneo linalomfaa ndege fulani. Kwa hiyo modeli ni dai. Ukimaliza kuitengeneza ndipo kazi ya kuithibitisha inaanza (swali la 13).

Data huja kwa sura mbili. Vekta ni nukta, mistari na poligoni: kisima, barabara, mpaka wa kijiji. Rasta ni gridi ya vimraba viitwavyo pikseli, kila kimoja kikibeba namba yake. Modeli nyingi za mazingira hupikwa kwa rasta; vekta hutumika kukatia eneo na kujumlisha matokeo.

2. Nianze na programu ipi?

QGIS. Ni ya bure, ilianzishwa na Gary Sherman mwaka 2002, na inakwenda kwenye Windows, Linux na Mac. Pakua toleo linalodumishwa kwa muda mrefu, uachane na lile jipya la wiki iliyopita. Ndani yake unaweza kutumia pia zana za GRASS, programu kongwe iliyoanza kwenye maabara ya jeshi la Marekani miaka ya 1980, na hesabu nyingi za maji na mteremko zinatoka humo.

Ofisi yako ikiwa na leseni ya ArcGIS, itumie, hakuna dhambi. Kinachohama kutoka programu moja kwenda nyingine ni uelewa. Vitufe utavizoea kwa wiki mbili. Ninachokataa ni mtu kukaa mwaka mzima akisubiri leseni, au kuweka toleo lililovunjwa ulinzi wake kisha virusi vinamlia data ya uwandani.

3. Kompyuta yangu ni ya kawaida. Itaweza?

Ikiwa na RAM ya gigabaiti 8, utafanya kila kilichomo hapa. Ya gigabaiti 4 itakufundisha subira, ila itafika. Kata eneo lako la utafiti mapema kabla ya hesabu yoyote: wengi wanaolalamika kuwa kompyuta imeganda wanakokotoa mteremko wa nchi nzima wakati utafiti wao ni wa kata mbili.

4. Lazima nijue hesabu kali na kuandika msimbo?

Hesabu ya kidato cha nne, asilimia, wastani na moyo wa kujiuliza kama namba inaingia akilini. Msimbo wa Python au R utakuja wenyewe siku utakapojikuta unabofya hatua zilezile mara ya tatu. Ukianza na msimbo kabla ya kuelewa pikseli ni nini, utakuwa na makosa yanayokwenda kasi.

## Data

5. Data ya bure inapatikana wapi?

Mwinuko: SRTM, iliyopimwa na chombo cha anga cha Endeavour kwa siku 11 mwezi Februari 2000, pikseli za mita 30. Siku hizi wengi wanapendelea Copernicus GLO-30, nayo ya mita 30 na mpya zaidi. Picha: Landsat, iliyoanza mwaka 1972 na ambayo hazina yake ilifunguliwa bure kwa wote mwaka 2008, na Sentinel-2, iliyoanza kurushwa mwaka 2015, yenye pikseli za mita 10 kwenye bendi zake muhimu (bendi ni picha ya aina moja ya mwanga, kama nyekundu au infraredi). Mvua: CHIRPS, kuanzia mwaka 1981, gridi ya takriban kilomita 5. Udongo: SoilGrids ya ISRIC, mita 250. Matumizi ya ardhi: ESA WorldCover ya 2020 na 2021, mita 10.

Nyumbani usipasahau. Mamlaka ya Hali ya Hewa ina vituo vya mvua, bodi za mabonde zina vipimo vya mito, na RCMRD, kituo cha ramani cha ukanda pale Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1975, inahudumia nchi za ukanda huu kwa ramani na mafunzo. Kwa Dar es Salaam, Ramani Huria ilianza 2015 kuchora mitaa inayofurika, wanafunzi wa vyuo wakishirikiana na wakazi, na kazi hiyo imo ndani ya OpenStreetMap. Data ya vituo huenda ukalazimika kuiombea kwa barua na kuilipia. Andika barua mapema.

6. Tabaka zangu (ramani ninazopanga moja juu ya nyingine) hazikutani. Mto unapita juu ya kilima. Nimekosea nini?

Hili ndilo swali namba moja, na mimi mwenyewe liliniaibisha. Nilipeleka ramani kwenye kikao ambapo mto mzima ulikuwa umesogea hadi kwenye mashamba ya watu, na mzee mmoja akauliza kwa upole kama mto utahama mwaka huu au ujao.

Ukiona tabaka mbili zimeachana kwa kama mita 300, zaidi kwa upande wa kaskazini na kusini, moja iko kwenye Arc 1960 na nyingine kwenye WGS 84, mifumo miwili tofauti ya kuweka viwianishi. Ramani za zamani za karatasi za Tanzania, Kenya na Uganda zilichorwa kwa Arc 1960. GPS na setilaiti hutumia WGS 84. Kwa Morogoro na Pwani, msimbo wa Arc 1960 kwenye UTM (mfumo unaogawa dunia kwa kanda na kupima kwa mita) kanda ya 37 Kusini ni EPSG:21037, na wa WGS 84 ni EPSG:32737. Tarakimu zinafanana hivyo hivyo mpaka zinakudanganya.

Kosa la pili ni kuchanganya kulitambulisha tabaka na kulihamisha. Ukibandika lebo ya kilo 5 kwenye mfuko wa kilo 2, mchele hauongezeki. Vivyo hivyo, kuliandikia tabaka mfumo mpya hakusogezi nukta hata moja. Unahitaji zana ya kuhamisha, ile inayotengeneza faili jipya.

La tatu: kukokotoa mteremko wakati data bado iko kwenye digrii. Programu inaona mwinuko kwa mita na umbali kwa digrii, inadhani ni kipimo kimoja, na tambarare yote ya Kilosa inageuka kuwa genge la wima. Hamishia UTM kwanza.

Angalia pia kanda. Mstari wa digrii 36 mashariki unapita mashariki kidogo ya jiji la Dodoma: Dodoma iko kanda ya 36, Morogoro kanda ya 37, na Kigoma mjini imeangukia ya 35. Kwa nchi nzima, UTM haifai tena. Tafuta mfumo unaolinda ukubwa wa eneo, mfano Albers ya Afrika.

7. Kila picha ina mawingu. Nifanyeje?

Upande wa mashariki wa Uluguru unapokea upepo wa Bahari ya Hindi, na mawingu yamefanya makazi huko. Njia ni kuchukua picha nyingi za miezi mikavu, Juni hadi Septemba, kufuta pikseli za wingu kwenye kila moja, kisha kuchukua thamani ya kati kwa kila pikseli. Google Earth Engine, huduma ya mtandaoni, inafanya kazi hiyo bila wewe kupakua kitu. Ukitaka kuona ardhi wakati wa masika yenyewe, tumia rada ya Sentinel-1, ambayo mawingu hayaizuii. Jihadhari na jambo moja tu: picha ya kiangazi inaonyesha shamba tupu ambalo wakati wa mvua lina mahindi.

8. Pikseli ya mita 30 inatosha?

Inategemea unachouliza. Ekari moja ina mita za mraba zipatazo 4,047, na pikseli ya mita 30 ina 900. Ekari nzima ni pikseli nne na nusu. Shamba la robo ekari lenye migomba, maharage na mti wa mwarobaini katikati linapata kama pikseli moja tu. Kwa Sentinel-2 ekari inapata pikseli 40, afadhali.

Usije ukageuza gridi ya mvua ya kilomita 5 kuwa mita 10 ukadhani umepata undani. Umekata mkate ule ule vipande vidogo.

9. Bando linaisha kabla picha haijashuka.

Kipande kimoja cha Sentinel-2 kinaweza kukaribia gigabaiti nzima. Pakua bendi unazohitaji tu (kwa uoto ni ya 4 na ya 8), au fanya hesabu yote Earth Engine na ushushe jibu. Kipande cha SRTM cha digrii moja kwa moja ni megabaiti kama 25 tu. Hicho hakina kisingizio.

## Kujenga modeli

10. Nipe mfano mmoja, mwanzo hadi mwisho.

Tuchukue mmomonyoko wa udongo kwa RUSLE, mlinganyo wa kukadiria udongo unaopotea. Ni mjukuu wa mlinganyo uliotolewa na Wischmeier na Smith Marekani mwaka 1965, na unazidisha vitu vitano: R ni nguvu ya mvua, K ni wepesi wa udongo kumomonyoka, LS ni urefu na ukali wa mteremko, C ni uoto, P ni hatua za hifadhi kama matuta na ngazi. Jibu ni tani kwa hekta kwa mwaka.

Chora kwanza mpaka wa kidakio cha maji (eneo lote linalomwaga maji kwenye mto mmoja), usitumie mpaka wa wilaya, kwa maana maji hayana habari na wilaya. Toa LS kwenye mwinuko. Toa K kwenye data ya udongo. Toa C kwenye ramani ya matumizi ya ardhi, ukipa msitu namba ndogo na shamba la mahindi namba kubwa. R tuiachie swali la 11. P ikikosekana, weka 1, na uandike wazi kwamba umefanya hivyo: Mgeta, huko huko Uluguru, kuna watu wanaolima mboga kwenye ngazi, na modeli yako imewahesabu kama hawajafanya lolote.

Rasta zote ziwe na mfumo mmoja, ukubwa mmoja wa pikseli, na zianzie kwenye kona moja. Hapo kikokotoo cha rasta kinazidisha kwa sekunde chache. Wanafunzi hushangaa kuwa hatua ya modeli yenyewe ni mstari mmoja, na kuiandalia data kumekula wiki tatu. Ndivyo ilivyo kila mara.

11. Nguvu ya mvua naipataje, kama nina milimita za mwezi tu?

R ya asili inahitaji kipimo cha mvua kila dakika chache, na vituo vya namna hiyo ni adimu. Watu hutumia milinganyo inayobadili mvua ya mwaka au mwezi kuwa R. Chagua iliyotokana na mvua za huku, kama wa Moore wa mwaka 1979 uliotengenezwa kwa Afrika Mashariki, badala ya kuokota wa Bavaria, Ujerumani. Milimita 100 za manyunyu ya siku tano na milimita 100 za mchana mmoja si mvua moja, hata jumla ikilingana.

Linganisha CHIRPS na vituo kabla ya kuitumia mlimani. Kati ya mteremko wa mashariki na ule wa magharibi wa Uluguru mvua hubadilika sana ndani ya kilomita chache, na gridi ya kilomita 5 huilainisha tofauti hiyo.

12. Mto wangu kwenye kompyuta unakatika, au unakwenda nilipokuwa sijawahi kuuona.

Modeli ya mwinuko ina vishimo vya uongo, na maji ya kompyuta yakitumbukia humo hayatoki. Jaza vishimo kwanza, kisha mwelekeo wa maji, kisha mkusanyiko wake. Pili, SRTM ilipima vilele vya miti palipo na msitu mnene, kwa hiyo ukingo wa msitu unaonekana kama ngazi. Tatu, daraja na kalavati vinaonekana kama ukuta. Palipo tambarare kabisa, mchore mto kwa mkono kutoka kwenye picha na ulazimishe mwinuko uufuate.

13. Modeli imenipa tani 900 kwa hekta. Ni kweli?

Geuza tani ziwe kina. Milimita moja ya udongo kwenye hekta moja ni mita za ujazo 10, na kwa udongo wa kawaida hiyo ni kama tani 13. Tani 900 basi ni karibu sentimita 7 kwa mwaka. Miaka kumi, sentimita 70. Nenda pale. Kama kuna mwembe wa miaka thelathini wenye mizizi iliyofunikwa vizuri, modeli imesema uongo.

Chanzo huwa kimojawapo kati ya hivi. LS imekokotolewa hadi ndani ya mto wenyewe, ambako mkusanyiko wa maji ni mkubwa mno. Weka kikomo cha urefu wa mteremko. Au K imechukuliwa kwenye jedwali la vipimo vya Marekani bila kuzidishwa kwa 0.1317, na jibu limevimba zaidi ya mara saba. Au mteremko wenyewe ni mkali kupita mlinganyo: kiwanja cha kupimia kilichozaa kanuni hii kilikuwa na urefu wa mita 22 hivi na mteremko wa asilimia 9, na huo Mgeta ni uwanja wa mpira.

Halafu RUSLE haijui makorongo wala maporomoko. Februari 1970 mvua ya saa chache ilileta maporomoko zaidi ya elfu moja kwenye bonde la Mgeta. Modeli hii ingelipitisha tukio lile kimya kimya. Kwa hiyo zaidi ya kuangalia namba, uliza kama mpangilio ni wa kweli: maeneo mekundu kwenye ramani ndiyo wenyeji wanayoyataja?

14. Ramani yangu ya matumizi ya ardhi ina usahihi wa asilimia 96. Niishangilie?

Uliza nukta za kupimia zilitoka wapi. Kama ulichora poligoni, ukachukua nusu ya pikseli kufundishia na nusu kupimia, umempa mwanafunzi mtihani wenye maswali ya zoezi la jana. Pikseli jirani hufanana. Tenga nukta za kupimia kwenye maeneo mengine kabisa, uzichague kwa bahati nasibu, na uonyeshe jedwali la makosa kwa kila aina ya ardhi. Kwa kawaida 96 inashuka, na kinachoonekana ni kwamba shamba lililolala na kichaka vimechanganywa, jambo ambalo hata binadamu pale uwandani hubishania.

## Uwandani na watu

15. Simu inatosha kuchukulia viwianishi?

Kwenye uwazi, simu hukosea kwa mita chache. Chini ya miti mirefu huzidi. Kwa pikseli ya mita 10 au 30 inatosha, mradi usimame katikati ya shamba, si kwenye mpaka. QField na KoboToolbox, programu za kukusanyia data kwa simu, hufanya kazi bila mtandao. Beba pia daftari. Betri ya simu haina huruma na mlima.

16. Wanakijiji wanaona GPS wanadhani tumekuja kupima ardhi ili wanyang'anywe. Tufanyeje?

Wana sababu. Uluguru mwaka 1955 watu waligoma na kuandamana hadi damu ikamwagika, kwa kulazimishwa kuchimba ngazi na serikali ya kikoloni kwa jina la kuhifadhi udongo. Udongo ulikuwa unakwenda kweli. Lakini aliyeleta dawa hakuuliza mwenye shamba, na wajukuu wanakumbuka.

Pita kwa mwenyekiti wa kijiji na mtendaji, eleza kwenye mkutano, sema wazi ramani itabaki na nani. Usichapishe nukta inayoonyesha shamba la fulani ndilo baya kuliko yote. Jumlisha kwa kitongoji. Na ulizeni kabla ya kueleza. Bibi anayechota maji mto ule ule kwa miaka arobaini atakuambia mwezi ambao tope huanza, na mara mbili mimi nimebadilisha modeli kwa sababu ya jibu la namna hiyo.

Ukitaka kurusha droni, kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga ni lazima, na kijiji kijue siku.

## Pale mambo yanapokuwa magumu

17. Naweza kutumia data hizi hizi kwa mafuriko ya Jangwani, Dar es Salaam?

Mwinuko wa bure haufai kwa kina cha maji. SRTM ilitengenezwa kwa lengo la kutokosea zaidi ya mita 16 za wima, na kwenye bonde la chini la Msimbazi nusu mita ndiyo tofauti kati ya sebule kavu na sebule iliyojaa. Unahitaji mwinuko wa droni au laiza. Kwa kuonyesha tu nyumba ngapi ziko bondeni, mwinuko wa bure pamoja na majengo ya OpenStreetMap (swali la 5) vinatosha.

18. Nataka modeli ya makazi ya ndege au mmea adimu.

Programu ya MaxEnt ndiyo inayotumika zaidi, kwa kuwa inakubali nukta za kiumbe kuonekana tu. Tatizo ni kwamba watafiti hupita njia zile zile. Ukichukua nukta za mbuawendo wa Uluguru, ndege asiyepatikana kokote duniani isipokuwa milima hiyo, modeli inaweza kukwambia anapenda kuishi karibu na njia ya miguu. Punguza nukta zilizorundikana, na nukta za mandhari (zile za kulinganishia) uzichukue kwenye maeneo yale yale yaliyofikiwa na watu. Viwianishi kamili vya viumbe adimu usivianike hadharani.

19. Naweza kutabiri hali ya 2050?

Unaweza kuonyesha nini kingetokea *kama* mvua ingebadilika hivi na msitu ungekatwa vile. Endesha modeli kwa makadirio kadhaa ya tabianchi, uonyeshe upana wa majibu, usichague moja lenye rangi nzuri. Kisha jaribu kinyumenyume: ipe modeli data ya 2000, iambie itabiri 2020, na ulinganishe na Landsat ya mwaka huo. Ikishindwa kuipata 2020 iliyokwisha kupita, usiiandikie ripoti ya 2050.

20. Msimamizi anataka namba moja tu ya kuweka kwenye ripoti.

Mpe mbili: ya chini na ya juu. Ziendeshe kwa kubadilisha C na R ndani ya mipaka unayoiona inawezekana, na uhifadhi faili za kila jaribio zikiwa na tarehe kwenye jina. Miezi sita baadaye atauliza ile ya juu ilitoka wapi, na faili linaloitwa “mwisho_kabisa_2” halitakujibu.